Mechi tisa, pointi 56: msimu wa Nebraska ninaoukumbuka kuliko ushindi wowote

Assalam aleikum ndugu zangu. Shikamooni wazee, na nyinyi mnaotazama huku mnakunywa chai, karibuni. Hapa nilipo ni Lincoln, Nebraska, katikati kabisa ya Marekani, na hili jengo mnaloliona nyuma yangu ni Memorial Stadium. Ngoja nigeuze kamera. Mnauona? Unaingiza watu zaidi ya 85,000, na ni uwanja wa chuo kikuu. Chuo, jamani, wachezaji wote ni wanafunzi.

Mdogo wangu alinipigia simu wiki iliyopita kutoka Ngamiani, Tanga, akaniuliza: "Kaka, mbona kila Jumamosi unavaa jezi nyekundu ya timu ambayo kila siku unasema imefungwa?" Nikamwambia, subiri, hilo swali nitalijibu kwa video nzima. Basi leo nawasimulia msimu wa 2021, msimu wangu wa kwanza hapa.

Kwanza mjue kwamba Nebraska haina timu kubwa ya kulipwa. Haina ya futiboli ya Kimarekani, ile ya kubeba mpira mkononi, haina ya mpira wa kikapu. Watu wa jimbo zima ni kama milioni 2 tu, na wote macho yao yako kwenye timu hii ya chuo, Cornhuskers, maana yake wamenya mahindi. Ukitoka nje ya mji ni mahindi na soya mpaka jicho linachoka. Siku ya mechi, mji unahamia humu ndani. Tiketi za kila mechi zimekwisha tangu Novemba 1962! Baba yangu alikuwa hajaoa.

Na timu ilikuwa inastahili. Ubingwa wa taifa mwaka 1970, ukarudi 1971, halafu 1994, 1995 na 1997. Kwotabeki wa 1997, yule anayeshika mpira na kuamua aurushe kwa nani, alikuwa Scott Frost, kijana wa Wood River, mji mdogo wa humuhumu Nebraska. Miaka 20 baadaye mambo yalipoharibika, walimrudisha Frost huyohuyo awe kocha. Alitoka Florida akiwa amemaliza msimu mzima wa 2017 bila kufungwa hata mechi moja. Watu hapa walimpokea kama mtoto wa nyumbani anayerudi na meli. Msimu wa kwanza akashinda 4, wa pili 5, wa tatu 3. Ndipo ukaja 2021.

Mimi nilikuwa ndiyo kwanza nimefika, sijui mtu, nafanya kazi ya usiku. Jirani yangu ni mzee mmoja, mkulima mstaafu, mwenye televisheni kubwa ndani ya gereji. Jumamosi moja akaniona nimekaa ngazini peke yangu, akaniita kwa mkono. Akanipa runza, mkate uliojazwa nyama ya kusaga na kabichi kisha ukaokwa. Ukiuonja utafikiria sambusa iliyokua ikawa mtu mzima. Akanieleza mchezo kwa kuchora kwenye boksi: una nafasi nne za kusogeza mpira yadi 10. Ukishindwa tatu, ile ya nne kwa kawaida unaupiga teke uende mbali, mpinzani aanzie huko kwake. Ukiufikisha mpira mwisho ni tachidauni, pointi 6, na teke moja la kuongeza la pointi 1. Teke la kupita katikati ya milingoti ni pointi 3. Ukikamatwa na mpira ndani ya eneo lako la mwisho, mwenzako anapewa 2. Hayo yanatosha, mtanifuata.

Mechi ya kwanza, ugenini Illinois, Agosti 28. Wapinzani wanapiga teke, mchezaji wetu anaudaka mpira karibu kabisa na mstari wake wa mwisho badala ya kuuacha upite, na mwisho wake ni pointi 2 za bure kwa Illinois. Kabla ya mapumziko kwotabeki wetu, Adrian Martinez, anapokonywa mpira, wanakimbia nao hadi mwisho. Tukafungwa 30 kwa 22. Mzee akazima televisheni, akasema: "Yameanza."

Halafu tukaifunga Fordham 52 kwa 7, Buffalo 28 kwa 3. Mimi nikadhani mambo yametulia.

Tukaenda Oklahoma, miaka 50 baada ya mechi ya 1971 ambayo Wamarekani wanaiita mechi ya karne, ile Nebraska ilishinda 35 kwa 31. Safari hii tunafunga tachidauni, tunapiga lile teke dogo la pointi 1, linazuiwa, na mtu wa Oklahoma anaokota mpira na kukimbia nao uwanja mzima. Wanapata 2 wao. Teke lililokuwa letu! Tukafungwa 23 kwa 16.

Lakini iliyonivunja moyo ni ya Michigan State, Septemba 25. Tunaongoza 20 kwa 13. Kipindi cha pili chote mabeki wetu wamewabana, hawasogei. Zimebaki dakika kama nne, tunapiga teke la kuondosha mpira. Wenzetu wote wamekimbilia upande mmoja wa uwanja kumsubiri mpokeaji, kwa sababu ndivyo walivyopanga. Mpira ukaenda upande wa pili. Jayden Reed akaudaka, mbele yake hakuna mtu, akakimbia yadi 62. Ishirini kwa ishirini. Muda wa nyongeza tukafungwa kwa teke la pointi 3. Nilirudi kwangu nikakaa gizani, na hapo nilikuwa na mwezi mmoja tu na timu hii. Fikiria mzee ambaye ameibeba maisha yake yote.

Tukaifunga Northwestern 56 kwa 7. Ishikeni hiyo 56, nitairudia.

Oktoba 9, usiku, hapahapa, Michigan wamekuja. Hao ndio waliochukua ubingwa wa ligi yetu ya Big Ten mwaka huo. Sisi tulikuwa mbele 29 kwa 26, wakasawazisha, mpira ukawa wetu na dakika hazijafika mbili. Martinez akaminyana kutafuta yadi moja zaidi, akanyang'anywa mpira. Teke la pointi 3, 32 kwa 29. Yule kijana wengi walimlaumu, na mimi nasema walimwonea. Ni yeye aliyetufikisha pale pa kuweza kushinda. Aliyeshika usukani ndiye anayeonekana chombo kikigonga mwamba, wakati mbao zilikuwa zinavuja tangu bandarini.

Minnesota 30 kwa 23. Purdue 28 kwa 23. Ohio State 26 kwa 17, na hiyo ndiyo iliyokuwa tofauti kubwa kuliko zote msimu huo, pointi 9. Siku mbili baadaye makocha wasaidizi wanne wa upande wa mashambulizi wakafukuzwa, na Frost mwenyewe akakubali mshahara ushuke kutoka dola milioni 5 kwa mwaka hadi milioni 4. Naam, kocha wa chuo. Kisha Wisconsin, 35 kwa 28.

Sasa hesabu, pamoja na mechi ya mwisho, ya Iowa, nitakayowasimulia. Ushindi 3, kufungwa 9. Jumlisha pointi zote tulizozidiwa katika zile mechi tisa: ni 56. Ndizo pointi tulizoifunga Northwestern usiku mmoja! Na ukichukua msimu mzima, Nebraska ilifunga pointi 335, ikafungwa 272. Timu iliyofunga zaidi kuliko ilivyofungwa, kwa pointi 63, ikamaliza na ushindi mitatu. Nilimwonyesha mzee hesabu hiyo nikamwambia, hii ni bahati mbaya tu, mwakani itageuka.

Akakataa. Akaniambia mkulima akivuna vibaya mwaka mmoja, ni mvua. Akivuna vibaya kwenye kona ileile ya shamba kila mwaka, aende akatazame ile kona. Na kweli, tazameni nilivyowasimulia: Illinois, teke. Oklahoma, teke. Michigan State, teke. Kile kikosi kinachoingia uwanjani sekunde chache kupiga na kupokea mateke, ambacho hakuna mtoto anayeota kukichezea, ndicho kilichokuwa kinapoteza mechi zilizopatikana kwa jasho la wengine. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwetu tunalisema hilo kila siku, na mimi nililielewa vizuri ndani ya gereji ya Nebraska.

Mechi ya mwisho ilikuwa Iowa, Ijumaa ya Novemba 26. Mzee akanipa tiketi ya mjukuu wake aliyekuwa safarini, nikaingia humu kwa mara ya kwanza. Baridi inauma masikio, nimevaa koti juu ya koti. Martinez ameumia bega, hachezi, amewekwa kijana Logan Smothers. Na tunaongoza 21 kwa 6! Nikamkumbatia mtu nisiyemjua. Robo ya mwisho tunaongoza 21 kwa 9, tunapiga teke la kuondosha mpira. Likazuiwa. Wakaokota, tachidauni. Uwanja mzima ukanyamaza. Sikuwahi kusikia watu wengi namna ile wakinyamaza pamoja. Baada ya hapo Iowa wakapata 3, wakapata 2, wakamaliza na tachidauni. Pointi 22 mfululizo, 28 kwa 21.

Mzee hakutukana. Alisimama, akavua glovu, akawapigia makofi vijana wa Iowa walipokuwa wanatoka. Waliokuwa karibu yetu wakafanya vilevile. Mimi mikono ilikuwa mizito, lakini nikapiga.

Njiani kurudi nikamsimulia kuhusu baba yangu na Coastal Union, timu yetu ya soka ya Tanga. Kwamba Wagosi wa Kaya walichukua ubingwa wa Tanzania Bara mwaka 1988, na tangu hapo hawajauchukua tena. Kwamba mwaka 2016 Tanga ilishusha daraja timu tatu kwa mpigo, Coastal, African Sports na Mgambo, na baba aliendelea kwenda Mkwakwani na redio yake ndogo hadi Coastal ikarudi 2018. Mzee akanisikiliza mpaka tukafika mlangoni. Akasema angependa kukaa na baba yangu siku moja. Hawana lugha ya pamoja hao wawili, lakini nina hakika wangekaa vizuri.

Frost aliondolewa Septemba 11, 2022, baada ya kufungwa na Georgia Southern hapa nyumbani, 45 kwa 42. Pointi 3 tena. Wangesubiri hadi Oktoba 1 fidia yake ingepungua nusu, wakaona bora walipe zote. Akaja Matt Rhule. Msimu wake wa kwanza ushindi 5, ukipungua mmoja kupata mechi ya mwisho wa mwaka inayotaka ushindi 6, ambayo Nebraska haikuwa imeigusa tangu 2016.

Wakaigusa 2024. Desemba 28, New York, ndani ya Yankee Stadium, dhidi ya Boston College. Tuliitazama gerejini, runza ziko mezani. Tunaongoza vizuri, halafu wanaanza kutukaribia, na kila tulipojipanga kupiga teke mzee alisimama akashika kichwa. Saa ikaisha. 20 kwa 15.

"Tano," mzee akasema. Tofauti ileile ya pointi ambayo Purdue walitufunga 2021. Akakaa kimya kidogo, akapangusa macho, kisha akanigeukia akaniuliza: "Na ile timu ya baba yako, wiki hii imefanyaje?"