Orodha ya Wabakaji wa Watoto: Bukavu Tuanzie Wapi?

Wababa, wamama, walimu, na nyinyi vijana mliosimama kule nyuma, karibuni. Mmeniomba niseme kama serikali itangaze majina ya watu waliohukumiwa kwa kubaka watoto. Najua wengi mmekuja na jibu tayari: itangaze, na picha zao zibandikwe soko la Kadutu. Nivumilieni kidogo.

Wamarekani walifanya hivyo. Mwaka 1994, huko New Jersey, mtoto wa miaka 7, Megan Kanka, aliuawa na jirani aliyekwisha kuhukumiwa mara mbili kwa kushambulia watoto. Wazazi wake hawakuwa na habari. Uchungu wao ulizaa sheria, na mwaka 1996 majimbo yote ya Marekani yakatakiwa kuwajulisha wananchi. Leo jina, picha na mahali mtu anapoishi unaviona kwenye intaneti, na walioandikwa wanapita laki saba. Wale wazazi nawaelewa kabisa.

Ila tazameni kilichofuata. Huko Miami waliwakataza baadhi yao kulala karibu na shule, umbali wa futi 2,500, yaani kama mita 760. Mji ni wa shule kila kona, basi wakakosa pa kukaa, wakajenga kambi chini ya daraja. Mtu asiye na nyumba wala kazi, polisi atamfuatilia vipi? Watafiti wawili, Prescott na Rockoff, walipochunguza majimbo kadhaa mwaka 2011, waliona kwamba kumwandikisha mtu polisi kunasaidia, lakini kumtangaza hadharani kunaweza kuwasukuma waliokwisha kuhukumiwa warudie. Na Uingereza, mwaka 2000, gazeti lilipochapisha picha zao, watu wa Paulsgrove walifanya fujo hadi familia zisizo na kosa zikahama. Hiyo ni Uingereza. Hapa kwetu tairi na petroli havikawii kupatikana.

Sasa turudi nyumbani. Orodha humwandika aliyehukumiwa. Sheria yetu ya 2006 inampa mbakaji miaka 5 hadi 20, na inakataza kesi hiyo kumalizwa kwa faini. Kwenye avenyu zetu mambo yanakwenda vingine. Familia mbili zinakaa kwa shefu, mbuzi anatolewa, dola kidogo zinapita chini ya meza, kesho yake mtu yule anasalimiwa kama kawaida. Parke, yaani ofisi ya mwendesha mashtaka, haina jina lake, na orodha yoyote mtakayoitunga haitakuwa nalo. Hata aliyefungwa, tuna hakika gani yuko ndani? Oktoba 2020, gereza la Kangbayi kule Beni, wafungwa zaidi ya 1,300 walitoka usiku mmoja. Januari 2025 ikawa zamu ya gereza la Munzenze, Goma. Na anwani? Nyumba zetu nyingi hazina hata namba.

Mnaikumbuka Kavumu, hapo kaskazini mwa Bukavu. Kati ya 2013 na 2016 watoto wa kike wapatao 40 walichukuliwa usiku na kubakwa. Desemba 2017 mahakama ya kijeshi, ikikaa palepale Kavumu, iliwahukumu watu 11 kifungo cha maisha, mmoja wao mbunge wa jimbo. Orodha ingemtaja mbunge? Kilichomfikisha kizimbani ni ushahidi uliotunzwa na madaktari wa hospitali ya Panzi, na wazazi waliokubali kusema nyuso zao zikiwa zimefunikwa. Miaka ilipita kabla ya hapo, na mimi hiyo miaka bado inanikera.

Kwa hiyo mimi siombi ukuta wa picha. Afrika Kusini, kwa sheria ya 2007, wana daftari lisilofunguliwa kwa kila mtu. Anayeajiri mtu wa kukaa na watoto ndiye analazimika kuuliza kama jina limo. Uingereza nayo ina njia ambayo mzazi anakwenda polisi kuuliza juu ya mtu fulani aliye karibu na mtoto wake, na jibu linabaki kwa anayeweza kumlinda mtoto huyo. Hilo linatufaa zaidi, maana anayemharibu mtoto kwa kawaida anaingia nyumbani kwa mlango wa mbele: mjomba, mpangaji, mwalimu, mwimbishaji wa kwaya. Hata Marekani kwenyewe, ripoti ya serikali ya mwaka 2000 ilionyesha kwamba katika kesi za watoto zilizofika polisi, wageni kabisa walikuwa asilimia 7 tu.

Mama mmoja ameniuliza hapo mlangoni: tukingojea Kinshasa, tufanye nini? Mama, komite ya wazazi haihitaji Kinshasa. Direkta wa shule anapompokea mwalimu mpya, mwulizeni alitoka shule gani na kwa nini aliondoka, kisha mtu mmoja wa komite aende kule akaulize mwenyewe. Mwalimu anaondolewa Ibanda kimyakimya, jina la shule lisichafuke, mwezi unaofuata anaandika ubaoni Bagira. Barua ya kumwondoa iseme sababu, na nakala ipelekwe parke. Shule inayokataa kuiandika, nyinyi mnaolipa pesa za masomo ndio wa kuibana.