Fundi wa Kamukunji na mwalimu mwenye digrii

Ndugu zangu, leo tunauliza kama cheti na elimu ni kitu kimoja. Wanaonijua wamekwisha kuanza kucheka, maana wanajua naelekea Kamukunji, kule Nairobi kwa mafundi wa bati. Ndiyo, naelekea huko huko.

Binti yangu alipoitwa kidato cha kwanza nilienda kwa mafundi wa jua kali kununua sanduku la bati. Pale nyundo zinalia hata ukitukanwa husikii. Fundi akikunja ukingo wa bati akaniuliza kazi yangu. Nikasema, kwa kujidai kidogo, nafundisha fizikia.

"Afadhali nimekupata, mwalimu. Bati ni lile lile. Mbona ukingo ukikunjwa halipindiki ovyo?"

"Hayo ni mambo ya nguvu," nikamjibu.

"Mwalimu, hilo ni jina, si jibu."

Akaokota kipande chembamba, akakilaza. Kidole kimoja kikakipinda. Akakisimamisha kwa ubavu, akakikandamiza kutoka juu; kikagoma. "Naona ukingo uliokunjwa ni bati lililosimama," akasema, "lakini sina hakika."

Alikuwa amepata! Kanuni ya jambo hilo nimeiandika ubaoni miaka nenda miaka rudi, na nilipokutana nayo kwenye bati sikuitambua. Halafu kati yetu wawili, nani alithubutu kusema hana hakika? Si mimi mwenye digrii.

Kuna mtu hapa anajisemea moyoni: mwalimu anataka tuchome vyeti. La! Daraja nitakalopita lichorwe na mhandisi mwenye cheti, tena nikione. Ugomvi wangu ni na yule aliyepokea cheti akaacha kuuliza. Tumekuwa na mfumo wa elimu wa 8-4-4 tangu 1985, sasa tuna mtaala wa umilisi, na mzazi swali lake ni moja tu: "Amepata ngapi?" Mtoto mwenyewe ameuliza nini darasani, hiyo si habari.

Mzee Maruge mnamkumbuka. Mwaka 2004, akiwa na miaka 84, aliingia darasa la kwanza kule Eldoret, akitaka aisome Biblia mwenyewe. Cheti angempelekea mwajiri gani?

Nilitaka kugusa pia lugha, jinsi tunavyompima msomi kwa Kiingereza chake, ila mwenyekiti amenionyesha saa mara ya tatu. Hilo nitawapigia kelele siku nyingine. Maswali? Wewe uliyekuwa ukicheka, anza.