Nayikondo ikifa, tumpigie nani simu?

(Mhadhara uliotolewa Tororo mbele ya wanakamati wa maji, madiwani na walimu)

Wazee wetu, akina mama, waheshimiwa madiwani, nawasalimu. Mwenyekiti ameniambia nina nusu saa, na kwamba nikizidisha, soda zitapata moto. Basi twende.

Nimekuja na daftari. Hili hapa, la kurasa 96, lile lenye jedwali la kuzidisha nyuma. Lilikuwa la mhazini wa kamati ya maji ya kijiji kimoja si mbali na hapa, nikapewa enzi zile nazunguka na pikipiki ya wilaya. Ukurasa wa kwanza una majina ya kaya, mwandiko safi, mistari ya rula, kila kaya shilingi 1,000 kwa mwezi. Januari vema zimejaa. Februari kuna mapengo. Kufika Mei wamelipa wanne, na mmoja wao ni mhazini mwenyewe. Juni hakuna kitu. Ukurasa unaofuata mtoto amechora ng'ombe. (Kicheko.)

Mnacheka, lakini niambieni: Mei ile pampu ilikuwa na ugonjwa gani? Hakuna. Ilikuwa inatoa maji vizuri kabisa, na ndiyo maana watu waliacha kulipa. Pesa ya nayikondo, yaani pampu ya mkono ya kisima (nalitumia neno la Kiganda, hata sisi wa huku tumeshalizoea), ni ngumu kutoka mfukoni wakati maji yanatoka. Yakikatika ni ngumu zaidi, kwa sababu hapo kila mtu anakumbuka kuuliza zile za mwaka jana zilikwenda wapi.

Sasa, mpango mzima wa maji ya vijijini Uganda umewekwa mabegani mwa huyu mhazini. Katiba ya 1995 inasema raia wote wa Uganda wapate maji safi na salama. Sheria ya Maji ya mwaka huohuo inawaruhusu watumiaji kuunda kikundi na kamati yao na kukusanya pesa za matengenezo. Ikaja Sera ya Maji ya 1999: kidogo kwa wote kuliko kingi kwa wachache. Mkataba wenyewe ni kwamba kijiji kinaomba, kinatoa kiwanja na mchango wake, kinaunda kamati ambayo wanawake wana nafasi yao, kisha wilaya inaleta mashine kwa ruzuku ya kutoka Kampala. Serikali ichimbe, ninyi mtunze.

Mimi siupingi mkataba huo. Waziri hawezi kujua nani kavunja uzio wa kisima ili mbuzi wake wanywe. Mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, anajua, na mke wake anajua mapema zaidi. Ila neno "mtunze" limebeba vitu viwili tofauti, na hapo ndipo tulipopotea.

Twendeni kwenye pampu yenyewe, hii ya mkono aina ya U2 mnayoijua. Kichwani kuna mnyororo, unataka grisi. Chini, kwenye silinda, kuna vikombe vya raba kwenye pistoni. Vinalika, na dalili yake mama yeyote hapa anaijua: unapiga mkono mara thelathini kabla maji hayajafika. Kuna boliti za kukaza, kuna uzio, kuna mfereji wa kutolea maji yaliyomwagika. Hayo yote kijiji kinaweza. Fundi wa gombolola, yaani wa kata, anakuja na spana zake, analipwa, jioni jerikani zinapangwa foleni kama kawaida.

Lakini kuna mabomba. Kwa miaka mingi tulishusha mabomba ya chuma yaliyopakwa zinki, kila moja mita 3, yameunganishwa moja chini ya jingine mpaka yafike majini. Na maji ya chini ya ardhi sehemu nyingi za nchi hii yana uchachu kidogo. Yanakula zinki, kisha yanakula chuma. Asubuhi ya kwanza unapata jerikani ya maji mekundu. Shati jeupe la shule linakuwa na madoa ya kutu, chai inageuka nyeusi kama wino, na akina mama wanafanya uamuzi wa busara kwa macho yao: wanarudi kwenye kidimbwi, ambako maji yanaonekana mazuri. Kwenye ripoti pampu ile imeandikwa "inafanya kazi".

Mwaka 2016 Wizara ya Maji na Mazingira ilipiga marufuku mabomba hayo. Hapo serikali ilifanya kazi ya serikali. Hakuna kamati ya kijiji, hata ingekuwa na maprofesa watupu, ingeweza kugundua kwamba kosa lilikuwa kwenye aina ya bomba tuliloletewa sisi sote. Ila yaliyokuwa yameshashushwa hayakujitoa yenyewe.

Kijiji cha daftari hili kilipatwa na hilo. Bomba lilikatika kwa kutu, silinda ikadondoka kisimani. Kamati ilikuwa na shilingi 85,000. Walikuja kwenye ofisi moja, siitaji, lakini mimi nilikuwa na meza humo. Tukawaambia bajeti imeshapangwa, mwaka wa serikali unaanza Julai, andikeni barua. Ilikuwa Oktoba. Mzee aliyeleta barua alitembea, kwa sababu nauli ya bodaboda ingetoka kwenye zile 85,000. Nimestaafu, lakini huyo mzee sijamstaafisha kichwani.

Na kwenye kampeni anasimama mtu juu ya gari: msilipe maji, ni haki yenu, serikali italeta! Waheshimiwa mlioko hapa, najua si ninyi. (Kicheko.) Siku inayofuata mhazini akipita na daftari anaonekana mwizi.

Wenye mabomba ya mtiririko, ambamo maji hushuka yenyewe kutoka juu, kama ndugu zetu wa milimani Elgon, walipata afadhali. Miradi yao iliunganishwa chini ya zile jumuiya sita ziitwazo Umbrella, yaani mwavuli; ya mashariki iko Mbale. Mwanzo zilikuwa vyama vya kusaidiana: kukagua hesabu, kupima maji, kushauri fundi. Mwaka 2017 zikageuzwa mamlaka za maji, zinatoza na kutengeneza zenyewe. Kijiji kimepoteza sauti kiasi, hilo walalamikao wana haki. Lakini bomba likipasuka kuna namba ya kupiga. Kwa hiyo mwenye bomba ana mwavuli, mwenye nayikondo ananyeshewa.

Ninachokitaka mimi ni kidogo. Gombolola iwe na stoo yenye mabomba yasiyoshika kutu na silinda mbili tatu, zilizonunuliwa kwa ruzuku kabla ya kuharibika kitu. Chama cha mafundi pampu, ambacho wilaya zetu zinacho, kipewe mkataba wa kulipwa kwa siku ambazo maji yanatoka. Leo fundi analipwa akitengeneza, kwa hiyo riziki yake iko kwenye kuharibika. Kule wilaya ya Kamuli utaratibu huo wa kumlipa kwa pampu nzima umejaribiwa. Kijiji kibaki na grisi, raba, uzio na ile 1,000, ambayo italipika watu wakiona fundi anapita hata kama hakuna kilichovunjika.

Najua diwani atasema kisima kipya kina utepe wa kukata na picha, bomba la stoo halina. Ni kweli. Basi kateni utepe wa stoo, nitakuja kupiga makofi.

Mama pale nyuma mwenye leso ya kijani ameinua mkono tangu niliposema ofisi moja. Mpeni maikrofoni.