Nimemlilia Mama kwa Miguu

Shikamooni wakubwa zangu, wadogo mambo zenu. Najua nimepotea miezi minne. Wengi mmeandika, "Dada, mbona kimya?" Mama alifariki, pale Muheza. Makaratasi yangu huku Marekani yalikuwa bado, ningetoka nisingeweza kurudi. Nimemzika kwa simu. Jeneza linashushwa, mtandao ukakata. Uliporudi, watu walishaanza kutupia udongo.

Sikulia. Nilikwenda kazini, nikarudi, nikapika, nikalala. Mwili ulikuwa kama gogo. Dada mmoja wa kazini, Mmarekani Mweusi, akaniangalia wee, akasema Jumamosi twende kwetu.

Kwao ni kaunti ya McIntosh, pwani ya Georgia. Ni Wagullah-Geechee, wajukuu wa Waafrika walioletwa utumwani kulima mpunga na pamba. Wana ibada wanayoiita shauti, ila msidhani ni makelele. Mzee ameketi kashika mpini wa ufagio, anagonga sakafu ya mbao. Mmoja anatoa wimbo, wengine wanaitikia na makofi. Kina mama wamejifunga vitambaa kichwani, wanazunguka kinyume cha saa, nyayo zinaburuzwa. Miguu haipishani hata kidogo! Ukipishanisha, umecheza dansi, na hii ni sala. Jirani yao, Carolina Kusini, baada ya watumwa kuasi pale Stono mwaka 1739, sheria ya 1740 iliwakataza watumwa kupiga ngoma. Nikautazama ule mpini, nikaelewa.

Tukapumzika, bibi mmoja akatusimulia habari za Amelia Dawley, mama wa Harris Neck, kaunti hiyohiyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1930, mtaalamu wa lugha Lorenzo Dow Turner, naye Mweusi, alimrekodi akiimba wimbo ambao mwenyewe hakujua maana yake. Amelia alimfundisha bintiye, Mary Moran, kama wimbo wa kuchezea watoto. Kumbe ni Kimende cha Sierra Leone, na ni wimbo wa msiba! Katika kijiji cha Senehun Ngola akapatikana mwanamke anayeuimba bado. Mwaka 1997 Mary akafika huko, wakaonana. Jamani, nikisimulia hapa nywele zinanisisimka.

Shauti ikaanza tena, dada akanivuta mkono. Mzunguko wa tatu hivi, kilio kikanitoka tumboni. Nililia huku natembea. Hakuna aliyenisimamisha wala kuninyamazisha, walizidi kuitikia tu. Yule bibi alikuwa nyuma yangu. Akaniwekea kiganja mgongoni, akawa ananisukuma polepole ili miguu isisimame.

Nyumbani tunapenda kusema Wamarekani Weusi wamepoteza asili. Nami nimewahi kusema, na naomba radhi. Waliopokonywa hadi majina ya kwao ndio walionifundisha kumlilia mama yangu.

Mama mdogo, najua unatazama. Ule wimbo wa Kibondei mliokesha mkiuitikia msibani, nirekodie wote, hata kama sauti zimewakauka. Niliusikia nusunusu kwenye simu nikaitikia, lakini maneno yake siyajui. Niandikie na maana yake, neno kwa neno.