Saa 25 bila kiti

MWANAISHA: Hamjambo, karibuni tena. Mimi ni Mwanaisha, niko South B, stima ipo, maji hayapo, kwa hivyo hali ni ya kawaida.

KIOKO: Na mimi ni Kioko. Nimetoka Athi River asubuhi hii, nilienda kumwona dada yangu. Mombasa Road ilikuwa imeganda kuanzia Mlolongo. Mkinisikia napiga miayo, sababu ni hiyo, si maneno ya Mwanaisha.

MWANAISHA: Bado hujayasikia. Leo tuna seneta.

KIOKO: Wa kaunti gani?

MWANAISHA: Wa New Jersey, Marekani.

KIOKO: Nilijua! Tuna maseneta 67 hapa nyumbani, wewe unaagiza kutoka nje. Umemlipia ushuru?

MWANAISHA: (anacheka) Huo ushuru tutaufikia. Ngoja nikwambie nilivyokutana naye. Ni usiku wa kuamkia 1 Aprili 2025. Ramadhani ndiyo kwanza imeisha, mwili bado umezoea kuamka daku. Saa nane usiku macho yamefunguka kama taa, na hakuna daku ya kula. Nikachukua simu nitafute kitu cha kunirudisha usingizini, nikamkuta mwanamume amesimama anaongea. Cory Booker. Kwao ilikuwa saa moja jioni, 31 Machi, ndiyo anaanza.

KIOKO: Mwanasiasa anaongea. Hiyo dawa ya usingizi inatosha.

MWANAISHA: Nikalala kweli. Nikaamka alfajiri, nikaswali, nikafungua simu: bado yuko. Nikaenda kazini, nikarudi, nikapika, nikaosha vyombo: bado yuko, sauti imekwaruza. Alimaliza usiku uliofuata, saa tisa na dakika tano za hapa kwetu. Saa 25 na dakika 5, Kioko.

KIOKO: Bila kuketi?

MWANAISHA: Kanuni ya Seneti yao ndiyo hiyo. Ukipewa nafasi ya kusema ni yako mradi umesimama na unaendelea. Ukiketi, imekwisha. Ukitoka nje, imekwisha. Wenzako wanaweza kukuuliza swali na kulivuta hilo swali upate kupumua, na ndivyo walivyofanya, lakini huketi. Akaomba hata kiti chake kiondolewe, asije akajisahau.

KIOKO: Na, samahani kwa wanaokula, msalani je?

MWANAISHA: Hakwenda. Alieleza baadaye kwamba chakula aliacha tangu Ijumaa, na maji usiku wa kuamkia Jumatatu. Sisi ndiyo tumefungua, yeye ndiyo anafunga. Misuli ikawa inamkaza.

KIOKO: Kwetu mbunge akizidisha dakika zake, maikrofoni inazimwa katikati ya neno.

MWANAISHA: Na kuna utamu mwingine. Rekodi ya hotuba ndefu aliyoivunja ilikuwa ya seneta Strom Thurmond, mwaka 1957, saa 24 na dakika 18. Thurmond alisimama kupinga sheria ya haki za kiraia, ile ya kulinda kura ya watu weusi. Miaka 68 baadaye mtu mweusi anasimama palepale anamfuta.

KIOKO: Hapo sawa, hapo nampa maua yake. Lakini alikuwa anapinga nini hasa? Maana mtu hawezi kupinga kila kitu kwa siku nzima.

MWANAISHA: Alipinga mengi. Ila ukiyachambua yanakuja makundi matatu: kodi zinazopunguzwa, ushuru wa forodha unaopandishwa, na huduma za serikali zinazokatwa. Alisoma barua za wananchi, mtu na hofu yake. Mzee anaogopa pensheni, mama anaogopa bima ya mtoto mwenye ulemavu.

KIOKO: Basi tuanze na la kwanza, kwa sababu mimi hapo niko upande wa pili. Kodi ikipunguzwa mimi napiga makofi. Mwaka 2020 korona ilipoingia, serikali ilishusha VAT kutoka asilimia 16 hadi 14, kodi ya juu ya mshahara ikatoka 30 hadi 25, na mwenye kulipwa shilingi 24,000 kushuka chini hakukatwa kitu. Dada yangu alifurahi. VAT na ile kodi ya juu ziliporudishwa Januari 2021 tuliomboleza.

MWANAISHA: Na sabuni ya kipande dukani kwenu ilishuka bei?

KIOKO: ...Hapana.

MWANAISHA: Kwetu pia haikushuka. Lakini lile la 24,000 nakubali, lilimfikia mnyonge, angalau yule mwenye ajira ya kuandikiwa. Ndiyo maana mimi huuliza: kodi ya nani inapunguzwa, na pengo linazibwa na nani? Wamarekani walikata kodi mwaka 2017. Ya makampuni ilitoka asilimia 35 ikawa 21, na hiyo haikuwekewa mwisho. Ya watu binafsi, sehemu kubwa iliwekewa tarehe, mwisho wa 2025.

KIOKO: Hee. Kampuni milele, binadamu mpaka Desemba.

MWANAISHA: Kwa hivyo mwaka 2025 vita vikawa: iongezwe au isiongezwe, na pesa zitoke wapi. Sheria ilipopita, ofisi ya bajeti ya Congress, bunge lao, ofisi ambayo haina chama, ilipiga hesabu. Asilimia 10 ya chini kabisa kwa kipato watapoteza wastani wa dola 1,200 hivi kwa mwaka. Asilimia 10 ya juu watapata kama dola 13,600.

KIOKO: Subiri. Maskini anapotezaje kwenye punguzo la kodi?

MWANAISHA: Kwa sababu sheria ni hiyohiyo moja. Mkono huu unapunguza kodi, mkono huu unakata Medicaid, ile bima ya matibabu ya wasiojiweza, na msaada wa chakula. Ofisi hiyohiyo ikasema watu milioni 10 zaidi watakuwa hawana bima ifikapo 2034. Na hata baada ya kukata hivyo, nakisi inaongezeka kwa dola trilioni 3.4 katika miaka kumi. Ni kama chama chetu cha mwezi: mnakubaliana mwenye duka kubwa apunguziwe mchango, halafu mnamwambia mama mboga zamu yake ya kupokea imefutwa, na bado mnakwenda kukopa.

KIOKO: Chama chetu kilivunjika hivyo hivyo. Mwenye duka bado hatuongei.

MWANAISHA: (anacheka) Haya, ushuru. Hapa nakuachia wewe, wewe ndiye mtu wa Kamukunji.

KIOKO: Nilifanya biashara ya sufuria miaka minne. Mzigo ukifika bandarini Mombasa, KRA, watu wa kodi, hawampigii simu Mchina. Wanakupigia wewe. Unalipa, halafu unakaa na kalamu usiku unagawanya ile pesa kwa kila sufuria. Sufuria namba nane imepanda shilingi thelathini. Mama akija kesho anakwambia umekuwa mwizi. Huwezi kumwelekeza kwa rais wa nchi yoyote, hapo ni wewe na yeye na hiyo sufuria.

MWANAISHA: Huyo mama ndiye mlipa ushuru.

KIOKO: Ndiye. Kwa hivyo nikisikia mtu anasema wageni watalipa, nacheka. Ingawa, tuseme ukweli, ushuru una kazi yake. Kama una kiwanda cha kulinda, unaweza kuuvumilia. Kusema wote ni mbaya sikubali.

MWANAISHA: Hata mimi sikubali. Ila tazama tarehe. Booker anashuka jukwaani 1 Aprili jioni. Kesho yake, 2 Aprili, Trump anatoka na lile bango lake la nchi na asilimia za ushuru. Vietnam 46, Sri Lanka 44, Bangladesh 37, Kenya 10.

KIOKO: Na hapa watu wakashangilia! Wakasema sisi tumependelewa, oda za Bangladesh zitahamia kwetu. Mimi nikampigia dada yangu, yeye yuko EPZ, eneo la viwanda vya kuuza nje, hapo Athi River, wanashona suruali za kwenda Marekani. Nikamwambia, "Mmebahatika." Akaniambia, "Kioko, jana tulikuwa sifuri." Chini ya AGOA, ule mpango wa Marekani wa biashara na Afrika, tangu mwaka 2000, nguo zilikuwa zinaingia bila ushuru. Kumi ni chache ukilinganisha na 46. Ukilinganisha na sifuri ni kumi. Na AGOA yenyewe ilikuwa inafika kikomo 30 Septemba mwaka huohuo.

MWANAISHA: Kazini kwao walibadilisha nini?

KIOKO: Kiwanda sikitaji. Mkataba wake ulikuwa wa miezi mitatu mitatu, ukawa wa mwezi. Msimamizi aliwaambia mnunuzi ameandika kwamba hiyo kumi wagawane. Wagawane na nani? Kiwanda hakina pa kuitoa, kwa hivyo ikatoka kwenye saa za ziada. Yeye huko haketi, yuko upande wa kumalizia, anakagua mishono na kukata nyuzi. Nilipomsimulia leo kwamba kuna seneta aliondoa kiti akasimama siku nzima, akanitazama, akaniuliza, "Alilipwa ovataimu?"

MWANAISHA: (anacheka) Mpelekee salamu zangu. Wallahi ningependa Booker asikie hilo.

KIOKO: La tatu lilikuwa huduma.

MWANAISHA: La tatu nalo lina mguu hapa. Januari 2025 walisimamisha misaada ya nje, Machi Waziri wao wa Mambo ya Nje, Rubio, akatangaza asilimia 83 ya miradi ya USAID, shirika lao la misaada, imefutwa. Kule kwao ilikuwa mstari kwenye karatasi ya kubana matumizi. Nina rafiki anayejitolea kliniki moja hapa mjini, anawashika mkono akina mama wenye virusi wanaoanza dawa. Kuna mmoja alizoea kubeba ARV za miezi mitatu. Akapewa za mwezi mmoja. Utasema, si dawa amepata? Amepata. Lakini anafua nguo za watu kwa siku. Siku ya kliniki hana kibarua, na nauli ya kwenda na kurudi inatoka mfukoni. Zamani mara nne kwa mwaka, sasa mara kumi na mbili. Na kwa mwajiri ataeleza vipi anakopotelea kila mwezi?

KIOKO: Hapo ndipo siri inavuja.

MWANAISHA: Ndipo. Sasa kodi ya kiongozi wa kampuni fulani huko, suruali ya dada yako, na nauli ya huyu mama, mimi naona ni bili moja imezungushwa mpaka ikamfikia asiye na wa kumpasia.

KIOKO: Nakubali hesabu. Lakini niambie mwisho wake. Aliongea saa 25. Ikawaje?

MWANAISHA: Kwanza, hakuwa anazuia mswada mahususi siku ile.

KIOKO: Unakwepa.

MWANAISHA: (anacheka) Haya. Mswada wa kodi ulifika Seneti, 1 Julai kura zikalingana 50 kwa 50, Makamu wa Rais Vance akaongeza yake. Ukarudi Baraza la Wawakilishi. Hakeem Jeffries, kiongozi wa upinzani, akasimama kabla ya mapambazuko 3 Julai, akasema saa 8 na dakika 44, rekodi ya baraza hilo. Ukapita 218 kwa 214. Trump akautia sahihi 4 Julai.

KIOKO: Kwa hivyo jumla ni saa 33 na ushee za maneno, na sheria ikapita. Mimi fundi akinichimbia kisima saa 33 bila maji, simlipi.

MWANAISHA: Angenyamaza ungemsifu?

KIOKO: Ningetaka kura nne. Hizo 218 kwa 214, tofauti ni nne. Mtu wa kuzunguka korido usiku akawabembeleza wachache wabadilike ana faida kuliko msemaji. Na Booker mwenyewe alikiri pale mbele kwamba chama chake kimefanya makosa makubwa, na yeye hakutosha.

MWANAISHA: Alikiri. Na ni wangapi umewasikia wakikiri, hapa au kule? Tuje nyumbani. 25 Juni 2024, Mswada wa Fedha, ule wa kuongeza kodi. Wabunge 195 wakasema ndiyo, 106 wakasema la. Mswada ukapita. Kesho yake rais akakataa kuutia sahihi.

KIOKO: Si kwa sababu ya hao 106! Ni kwa sababu ya vijana waliokuwa barabarani, na wengine hawakurudi nyumbani siku hiyo. Tusiwape wabunge sifa ambayo si yao.

MWANAISHA: Siwapi. Nilikuwa nyumbani nasikia milio. Nasema kitu kidogo zaidi. Vijana walijua waende kwa nani kwa sababu majina yalikuwa yameandikwa, nani ndiyo, nani la. Orodha ilizunguka kwenye simu usiku kucha. Mama yangu huko Lamu haelewi nakisi ni nini, lakini mbunge wake alipigaje kura alijua kabla ya isha. Mtu akisimama akasema, akapiga kura, imeingia kwenye Hansadi, kumbukumbu rasmi za bunge, haifutiki. Akija na kofia na leso mwaka wa uchaguzi, unayo karatasi.

KIOKO: Leso anazo, karatasi huwa tunaisahau.

MWANAISHA: Wewe wako alipigaje?

KIOKO: Nani wangu?

MWANAISHA: Mbunge wako. 25 Juni 2024. Ndiyo au la?

KIOKO: Alikuwa... Aliongea kwenye mazishi moja hivi, akasema yeye hawezi kuumiza wananchi.

MWANAISHA: Hilo ni la mazishini. Nauliza kura.

KIOKO: Ngoja niangalie simu.

MWANAISHA: Tunakungoja, na wasikilizaji wanakungoja.

KIOKO: (kimya kirefu) Mwanaisha.

MWANAISHA: Naam.

KIOKO: Hebu zima hiyo maikrofoni kwanza.