Wi-Fi zilizohifadhiwa kwenye laptopu: kufuta, kuona nywila na kuokoa bando

Habari zenu watazamaji, karibuni. Leo naanza kwa kuwaonyesha aibu yangu. Hii kwenye kioo ni orodha ya Wi-Fi zote ambazo laptopu yangu imewahi kujiunga nazo: gesti niliyolala Dodoma, mgahawa ambao siku hizi umefungwa, ofisi niliyoacha kazi zamani, hotspoti ya shemeji. Nimezihesabu jana, ni 41. Ninazozitumia ni 4.

Laptopu haisahau. Ukijiunga mara moja, inatunza jina la mtandao, aina ya ulinzi na nywila, na siku ukipita tena eneo lile inaweza kuingia yenyewe bila kukuuliza. Kwa mtandao wenye nywila hiyo si shida kubwa. Lakini ule wa bure usio na nywila, laptopu inautambua kwa jina tu. Mtu akiwasha kifaa chake na kukipa jina lilelile la mgahawa, laptopu yako itaingia kwake ikidhani imefika palepale.

Twende kazi. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi I. Dirisha la mipangilio limefunguka. Chagua Network & internet, halafu Wi-Fi, halafu Manage known networks. Mimi natumia Windows 11. Mwenye Windows 10 apite njia hiyohiyo, sura ndiyo inayotofautiana kidogo.

Pembeni ya kila jina unaona kitufe cha Forget. Kwenye Windows 10 bofya jina kwanza ndipo kitufe kitokee. Nachukua hii ya gesti, nabofya, imeondoka pamoja na nywila yake. Haikuulizi mara mbili, kwa hiyo taratibu na mkono.

Kitufe hiki ndicho dawa ya tatizo ninaloletewa kuliko yote. Nyumbani wamebadilisha nywila ya ruta, simu zote zinaingia, laptopu inagoma na kusema haiwezi kuunganishwa. Mwenye nayo anakuja na begi, anataka apigiwe Windows upya! Ndugu yangu, laptopu imeng'ang'ania nywila ya zamani, basi. Bofya Forget, rudi kwenye alama ya Wi-Fi kule chini kulia karibu na saa, chagua jina, andika nywila mpya. Na siku ukinunua ruta mpya, ipe jina, nywila na aina ya ulinzi vilevile kama ya zamani. Vifaa vyote vya nyumbani vitaingia vyenyewe, hutazunguka na karatasi ya nywila chumba kwa chumba.

Kama mtandao bado unauhitaji ila hutaki laptopu iukimbilie kila ikiuona, usiufute. Bofya jina lake, ondoa tiki kwenye Connect automatically when in range. Utajiunga unapotaka wewe.

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo hela inapopotelea. Siku moja niliwasha hotspoti ya simu nitume barua pepe moja tu, nikaiacha wazi nikaenda kunywa chai. Narudi, simu inanipa taarifa kwamba bando limekwisha. Laptopu ilikuwa imepata nafasi ya kupakua masasisho yake, na kosa lilikuwa langu. Kwake yeye hotspoti ni Wi-Fi kama Wi-Fi nyingine, hajui kwamba huku nyuma kuna mtu amenunua GB 2 za kumfikisha Ijumaa.

Lazima umwambie. Kwenye orodha ileile bofya jina la hotspoti yako, shuka hadi Metered connection, washa. Kuanzia hapo Windows inajua kwamba intaneti hii ni ya kupimiwa: inaahirisha sehemu kubwa ya masasisho, na programu za dukani kwake, yaani Microsoft Store, haziendelei kujisasisha kimyakimya. Ila usije ukanilaumu, video ukiifungua wewe mwenyewe itakula bando kama kawaida. Na mpangilio huu umefungwa kwenye jina. Ukibadilisha jina la hotspoti kwenye simu, au ukiazima simu ya mwenzako, kwa laptopu huo ni mtandao mpya na kazi unaianza upya.

Ukitaka kujua nani anakula, rudi Network & internet, ingia Advanced network settings, kisha Data usage. Kila programu imeandikiwa hesabu yake. Mara ya kwanza nilipotazama yangu nilikaa kimya dakika nzima.

Sasa nywila. Umeisahau na mgeni anaiomba. Kwenye matoleo mapya ya Windows 11 bofya jina la mtandao, tafuta View Wi-Fi security key, bofya View. Kwa wengine tutumie dirisha jeusi. Andika cmd kwenye kisanduku cha kutafutia, chagua Run as administrator, kisha andika:

netsh wlan show profiles

Hiyo inaleta majina yote. Chagua moja, andika hivi, ukiweka jina halisi ndani ya alama za kunukuu:

netsh wlan show profile name="NYUMBANI" key=clear

Shuka hadi kwenye mstari wa Key Content. Nywila ni hiyo hapo, peupe. Wi-Fi za vyuo zinazodai jina la mtumiaji, kama eduroam, hazitaonyesha kitu hapa.

Umeona ilivyo rahisi? Basi na wengine wanaona. Ukiuza laptopu, au ukimpa mtu moja kwa moja, nywila za nyumbani na za ofisini zinakwenda nayo. Laptopu zilizotumika tunazinunua Kariakoo kila siku, na nyingine zinafika bado zina orodha ya mwenyewe wa kwanza. Kabla ya kuiachia, andika:

netsh wlan delete profile name=* i=*

Ile nyota maana yake yote. Hakuna kurudi nyuma.

Na kama unapiga Windows upya, au umenunua mashine nyingine na hutaki kuandika nywila moja moja, hamisha. Chomeka flashi, tengeneza folda uliite wifi, maana lisipokuwepo amri itakataa. Flashi yangu imesomeka kama D, ya kwako angalia herufi yake:

netsh wlan export profile folder=D:\wifi key=clear

Kila mtandao umepata faili lake. Kwenye laptopu mpya, chomeka flashi, fungua dirisha jeusi kama mwanzo, andika:

netsh wlan add profile filename="D:\wifi\Wi-Fi-NYUMBANI.xml" user=all

Jina la faili linakiliwe kama lilivyo, hata nafasi moja ikipungua haitaki. Rudia kwa kila mtandao unaouhitaji, na ile takataka ya gesti iache hukohuko. Kuhusu metered, ingia kwenye mipangilio uhakikishe mwenyewe kabla ya kuwasha hotspoti.

Zima Wi-Fi, iwashe. Hii yangu imeshaingia yenyewe, mnaiona pale chini. Kilichobaki ni lile folda kwenye flashi. Yale mafaili yanafunguka hata kwa Notepad na nywila zinasomeka, na flashi hii kesho naipeleka steshenari kuchapisha barua. Nalichagua, Shift pamoja na Delete, Yes.