Neno la Siri Analo Nani?

Nimeombwa nizungumzie kuunda kamati ya klabu ya kompyuta inayoendeshwa kwa kujitolea. Mwenyekiti, katibu, mhazina, wajumbe wawili watatu: hayo mnayajua, siwapotezei muda. Mimi nauliza lile ninalouliza kila nikipewa kipaza sauti: neno la siri la tovuti yenu analo nani?

Naona mnatazamana. Basi mnaye yule mmoja. Kila klabu inaye: mahiri, hachoki, ndiye aliyesajili jina la tovuti kwa barua pepe yake na kadi yake ya benki. Mnamsifu, na anastahili. Kisha anapata kazi mbali, au anaoa, au anasusa tu. Kadi inaisha muda. Taarifa za malipo zinaingia kwenye sanduku la barua asilolifungua tena. Jina la .com likishafutwa na msajili, yaani kampuni mliyolisajili kwake, mna siku 30 za kulikomboa, tena kwa ada inayouma. Halafu siku 5 za kungoja, kisha linaachiwa yeyote atakayewahi. Kuna klabu ilipoteza jina hivyohivyo, wanachama wakifungua tovuti yao wanakuta matangazo ya kamari. Na kamati ilikuwepo! Ilikutana, ikaandika mihtasari mizuri, ikajadili rangi ya fulana.

Atanyanyuka mtu aniambie, “Mzee, sisi tunaaminiana.” Aminianeni. Hata mwaminifu huugua. Mwingine, huyu amesoma historia, atanikumbusha Homebrew Computer Club, ile klabu ya wapenzi wa kompyuta iliyoanza gereji kule California Machi 1975 bila urasimu wowote. Sawa, ila walikuwa na mtu wa kuongoza mikutano na mtu wa kuhariri jarida, na hawakuwa na tovuti ya kulipia kila mwaka. Wewe unayo.

Kwa hiyo kikao cha kwanza kabisa, kabla ya fulana: fungueni barua pepe ya cheo, ya katibu, atakayeingia madarakani airithi. Kila kitu kisajiliwe kwa hiyo. Maneno ya siri yakae kwenye programu ya kuyahifadhi, wayafikie wawili au watatu. Na ule uthibitisho wa hatua mbili, unaodai msimbo juu ya neno la siri, msiufunge kwenye simu ya mtu mmoja! Chapisheni misimbo ya akiba, ya kuingilia simu hiyo ikikosekana, itieni kwenye bahasha, mhazina aifungie na stakabadhi zake. Anayeondoka madarakani, maneno yabadilishwe siku hiyohiyo, bila kumwonea haya wala yeye kununa.

Mengine mbiombio. Fedha: watia saini wawili, wasiwe mtu na mkewe. Katiba: kurasa mbili zinatosha. Akidi ya mkutano mkuu msiandike nusu ya wanachama, hamtaifikia kamwe. Klabu hizi zina majina mengi daftarini na watu wachache ukumbini. Ukomo wa uongozi nilitaka kuugusa, lakini mratibu ananionyesha saa kwa mara ya tatu. Haya, maswali. Na asiniulize mtu habari za fulana.